Meza ya Kamusi: Mazungumzo ya Kazini katika Historia ya Uchunguzi wa Kiswahili



Niliombwa nizungumzie historia ya uchunguzi wa Kiswahili, na bila shaka wengi wenu mlitarajia nianze na orodha ya kamati, mikutano na machapisho. Hayo yamekwisha kuandikwa, tena vizuri, na wataalamu walionitangulia. Mimi nimechagua jambo ambalo kwa kawaida haliingii katika kumbukumbu za mikutano, nalo ni mazungumzo ya watu waliokuwa wakiifanya kazi hiyo: waliketi wapi, nani alimwuliza nani, na ni kitu gani kilipotea pale walipoacha kuulizana.

Sababu ya uchaguzi huu ni kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi katika ofisi moja ya kamusi, ambayo sitaitaja. Palikuwa na makabati ya kadi, kila kadi ikiwa na neno, maana yake, mfano wa matumizi na mahali neno hilo liliposikiwa. Kwenye baadhi ya kadi hizo palikuwa na nukta ndogo ya wino wa kijani. Nukta hizo aliziweka mtafiti mmoja mkongwe, ambaye sote tulimwita Mzee. Alipostaafu, na baadaye kufariki, sisi tuliobaki tulidhani kuwa nukta ya kijani ina maana kwamba neno limehakikiwa. Tukazipitisha kadi hizo moja kwa moja hadi kwenye muswada. Miaka kadhaa baadaye, katika matanga ya mwenzetu mwingine, nilikaa karibu na mama aliyekuwa mpiga chapa wetu wa zamani. Tukazungumza habari za ofisini. Akanieleza, kama jambo lisilo na uzito wowote, kwamba nukta ile Mzee aliiweka kwenye neno alilolisikia kwa mtu mmoja tu, ili akumbuke kuliuliza tena.

Nilikaa chumba cha pili yake kwa miaka sita. Sikumwuliza hata siku moja.

Inafaa niongeze kwamba hapo awali ofisi ile ilikuwa na meza ndefu ukumbini, ambako watumishi wote, kuanzia mkuu hadi mhudumu, walikunywa chai saa nne. Uongozi uliofuata uliiondoa meza hiyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba watumishi walikuwa wakipiga soga wakati wa kazi. Tangu hapo kila mmoja alinywa chai chumbani mwake, na Mzee alistaafu muda si mrefu baadaye. Siwezi kuthibitisha kwamba meza ile ingebaki ningemwuliza juu ya nukta zake. Ninachojua ni kuwa mpiga chapa aliijua maana yake, na aliipata mezani.

Soga na kazi

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Lugha yetu ina maneno mengi ya kutaja maongezi, na sehemu kubwa ya maneno hayo, yanapoingia mahali pa kazi, yana harufu ya lawama: soga, porojo, gumzo, domo. Mkubwa wa kazi husema, "Acheni maneno, fanyeni kazi," kana kwamba maneno ni kinyume cha kazi. Hata hivyo, lugha hiyohiyo ina kiambishi kidogo, -an-, ambacho hukigeuza kitendo cha mtu mmoja kuwa cha wawili: kuuliza kukawa kuulizana, kuarifu kukawa kuarifiana, kufundisha kukawa kufundishana. Katika kufundishana hatuambiwi mwalimu ni nani na mwanafunzi ni nani. Na hivyo ndivyo mambo yalivyo pale watu wawili wanapoifanya kazi moja.

Wataalamu wa elimu ya jamii wameliona jambo hili katika mazingira mengine kabisa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Julian Orr, aliwafuatilia mafundi wa kampuni ya Xerox waliokuwa wakitengeneza mashine za kunakilia nyaraka, na kitabu chake kikatoka mwaka 1996. Kampuni iliwapa mafundi hao vitabu vya maelekezo vyenye hatua za kufuata kwa kila hitilafu. Orr aligundua kwamba hitilafu ngumu hazikutatuliwa vitabuni; zilitatuliwa mafundi walipokuwa wakila pamoja na kusimuliana visa vya mashine korofi. Katika masimulizi hayo fundi mmoja alimpa mwenzake kile ambacho mwandishi wa kitabu hakukijua, kwa kuwa hakupata kuikabili mashine hiyo ikiwa katika mikono ya wateja wake. Nimelitaja jambo hili kwa sababu kadi za kamusi na vitabu vya mafundi vinafanana: vyote viwili ni masalio ya mazungumzo ambayo hayakuandikwa.

Mombasa

Turudi pwani. Anayetaka kuona jinsi mazungumzo yalivyojenga elimu yetu ya Kiswahili na aanzie Mombasa katika miaka ya 1880, kwa watu wawili: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi, na William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Kazi yao kubwa ilikuwa kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840.

Tufikirie ugumu wa kazi hiyo. Muyaka alikuwa amekwisha kufa kwa miaka arobaini hivi. Mashairi yake yalikuwa katika vifua vya wazee na katika karatasi chache zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo, kama zilivyotumiwa na waandishi wengi wa zamani, hazikuwa na alama za kutosha kwa sauti za Kiswahili. Herufi moja ya be iliweza kusomwa b, p au mb, hivi kwamba neno lililoandikwa kwa namna moja huweza kuwa bata, pata au mbata. Irabu e haikutengwa na i, wala o haikutengwa na u. Zaidi ya hayo, Kimvita hutofautisha sauti ambazo maandishi ya Kilatini nayo huzichanganya: kaa la moto na kaa wa pwani huandikwa sawa, lakini masikio ya Mmvita hayawachanganyi kamwe, kwa kuwa k ya yule wa pwani hutamkwa kwa mpumuo. Kwa hiyo karatasi peke yake haikutosha. Ilihitajika sauti ya mtu anayejua, na ilihitajika mtu wa pili wa kumwuliza.

Lakini sauti ni nusu tu ya jambo. Mashairi mengi ya Muyaka yalitungwa kwa ajili ya tukio: ugomvi wa majirani, jibu kwa mshairi mwingine, vita vya Mazrui wa Mombasa na Seyyid Said, vilivyomalizika mwaka 1837 kwa Mombasa kuanguka. Msomaji asiyeambiwa tukio huona fumbo tupu. Maelezo aliyoyaacha Taylor pamoja na mashairi hayo yanatuambia nani anasemwa na kwa nini. Maelezo hayo hayakuwa katika mistari. Yalitoka katika vinywa vya watu wa Mombasa. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo mavuno makubwa ya ushirikiano ule, na yanastahili heshima sawa na mashairi yenyewe.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor alichapisha mkusanyiko wake wa methali. Mashairi ya Muyaka yalisubiri zaidi: diwani iliyohaririwa na William Hichens kutokana na hazina hiyo ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka hamsini baada ya kifo cha Sikujua. Mhariri yule alikuwa na karatasi mbele yake, ila hakuwa na Sikujua wa kumwuliza. Palipokuwa na maelezo, aliyatumia. Pasipokuwa nayo, shairi limebaki hivyo hadi leo.

Jina juu ya jalada

Mazungumzo ya kazini yana swali la haki ndani yake, nalo ni nani anayetajwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kilitoka kitabu maarufu cha desturi za Waswahili kwa jina la Carl Velten, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya Mtoro. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa kwenye anwani ya kitabu. Miaka sabini na minane! Mtu anayejua kwamba maneno yake yatatokea kwa jina la mwingine huwa na kila sababu ya kusema machache, na tusimlaumu.

Mfano wa Muhamadi Kijuma wa Lamu ni tofauti kidogo. Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchongaji, mwanamuziki na mshairi. Wataalamu wa Ulaya walimtegemea kwa miongo kadhaa: Alice Werner, Hichens, na Ernst Dammann ni miongoni mwao. Kwa Hichens alifanya kazi kwa barua, akinakili tendi na kueleza maneno magumu pembeni. Dammann alikwenda Lamu mwenyewe katika miaka ya 1930 akakaa naye. Barua ina faida yake: imehifadhiwa, nasi tunaweza kuisoma leo. Hata hivyo mwenye kuandika barua hujibu lile aliloulizwa, na mwulizaji aliye mbali hajui la kuuliza. Aliyekaa Lamu aliweza kuusikia wimbo unaoimbwa mlango wa pili, akauliza ni wimbo gani. Swali la namna hiyo haliwezi kutumwa kwa meli.

Kamati iliyokosa kibaraza

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikizihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Sipendi kuidharau kazi ya kamati hiyo, kama inavyofanywa mara kwa mara. Ilisahihisha miswada, ilijibu maswali ya walimu, ilitoa jarida, ilisanifu tahajia ambayo mimi na ninyi tunaitumia. Johnson alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935. Alifariki mwaka 1937 kabla ya kuziona kamusi zake mbili kubwa, za mwaka 1939, ambazo zilijengwa juu ya msingi uliowekwa na A. C. Madan.

Bidii ilikuwapo. Kilichokosekana ni kibaraza. Katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wa Kamati walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari, na wengi wao walikutana mara chache. Kati ya mkutano na mkutano, kazi ilifanywa kwa posta: muswada unatumwa kwa msomaji wa nchi nyingine, msomaji anaandika maoni, katibu anayapokea na kuamua. Neno lililoletwa kutoka Tanga au Kisumu lilifika mezani likiwa limekauka, bila ya mtu aliyelisema. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu walilalamika kwamba Kiswahili kilichosanifiwa hakina ladha ya wenyewe. Lalamiko hilo aghalabu hufasiriwa kuwa ni wivu wa lahaja. Mimi nalisikia pia kama lalamiko la watu ambao hawakukaribishwa katika mazungumzo yaliyowahusu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanahistoria hulitaja kwa sentensi moja. Kamati haikuwa na makao ya kudumu. Kutoka Dar es Salaam ilihamishiwa Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa mwaka 1962, na hatimaye ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu na baadaye, mwaka 1970, kuwa Taasisi. Kila safari majalada yalifungwa masandukuni yakasafirishwa. Makarani, wapiga chapa na wazee waliozoea kuulizwa maana za maneno hawakufungwa masandukuni. Mtu aliyewahi kuhama ofisi, hata kwa kuvuka barabara tu, anajua ninachosema.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni tunda la hali tofauti: watafiti wazawa, katika taasisi moja, mji mmoja. Mimi nilikuja nyuma ya kizazi hicho. Nilichokipata kwao hakikuwa katika dibaji ya kamusi, bali katika mabishano yao ya ukumbini, ambako Mpemba, Mzaramo na Mmakonde waliweza kubishana nusu saa juu ya jina la samaki.

Chembeu

Nimesema kuhusu wasomi. Sasa niseme kuhusu wale ambao wasomi huwaendea. Nilipokuwa kijana nilikwenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako vyombo vya baharini huundwa ufukweni. Nilikwenda na hojaji iliyopigwa chapa. Fundi mkuu alinipokea kwa adabu, akajibu kila swali kwa neno moja. Hii? Mkuku. Haya? Mataruma. Hiki? Chembeu. Nikaandika, nikashukuru, nikaona kazi imekwisha mapema.

Mvua ikaninusuru. Nililazimika kukaa chini ya banda pamoja nao, hojaji nikiwa nimeificha isilowe. Fundi akaendelea kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao, na mwanafunzi wake akifanya vivyo hivyo upande wa pili. Bila kugeuka, fundi akamwambia, "Mwanangu, hiyo haijaingia. Husikii?" Kijana akapiga tena. "Sasa umesikia?" Na kumbe kweli, mlio wa nyundo juu ya chembeu ulikuwa umebadilika. Kisha wakabishana juu ya deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa chomboni: kijana alidai umekuwa mwepesi, mzee akamweleza kwa nini msimu huu anautaka mwepesi. Katika saa moja nilisikia zaidi ya nilichokuja nacho na nilichotazamia kuondoka nacho.

Kamusi itakwambia kuwa chembeu ni patasi butu ya kukalafatia. Ni sahihi. Haitakwambia kuhusu mlio, nami sikuwa na swali la mlio katika hojaji yangu, kwa kuwa sikujua kwamba upo.

Udhaifu huohuo unaonekana katika uundaji wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na kwa miongo kadhaa limesanifu maelfu ya istilahi kwa ajili ya shule, mahakama na ofisi. Nyingi zimeota mizizi. Lakini tuangalie gereji zetu. Mafundi wa magari hawakusubiri kamati. Walisema breki, klachi, plagi, shokomzoba, na kazi ikaendelea. Waashi wanasema pima maji na nondo, maneno yaliyo wazi kama mchana. Ilipokuja kompyuta, wasomi tulipendekeza ngamizi, wengine tarakilishi. Tarakilishi limepata makazi katika vitabu vya shule vya Kenya. Tanzania watu wameendelea na kompyuta. Ngamizi limebaki katika makala zetu za kubishana. Sijapata kusikia kwamba mtu yeyote aliwaketisha wapiga chapa na mafundi wa mashine hizo wakati majina yalipokuwa yakitafutwa.

Ya kufanya

Mwenyekiti wetu aliniomba nisimalize bila ya pendekezo. Ninayo machache, na yote ni ya gharama ndogo. Kwanza, saa ya mazungumzo ihesabiwe kuwa saa ya kazi. Ikiibwa katika muda wa chakula, watakuja wale tu wasio na haraka ya kupanda basi. Pili, wadogo wapewe ruhusa ya wazi ya kuwauliza wakubwa. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Katika desturi zetu kijana humwamkia mzee kisha akangoja kusemeshwa, na mzee naye huona haya kusema jambo ambalo hakuulizwa. Wote wawili wana adabu, na elimu inapita katikati yao ikaenda zake kaburini. Mkuu wa idara anayesema mbele ya watu, "Hili mimi silijui, nani analijua?" huwa amefungua mlango ambao waraka hauwezi kuufungua. Tatu, kila aliyetupa neno aandikwe jina lake kwenye kadi, akiridhia, na majina hayo yachapishwe.

Najua wako watakaoniambia kwamba siku hizi kila ofisi ina kundi lake la simu, na maswali hujibiwa humo usiku na mchana. Nami nimo katika makundi hayo. Yanafaa kwa neno. Kwa mlio wa chembeu sijayaona yakifaa.

Kuhusu ofisi niliyoanza nayo, yule mama mpiga chapa aliniambia pia ni wapi Mzee aliandika majina ya watu aliokusudia kuwarudia: katika daftari la mahudhurio la zamani, kurasa za nyuma. Daftari tulilipata. Wengi wa waliotajwa wamekwisha kufariki, lakini baadhi yao wapo, na wengine wameacha watoto wanaoishi katika vijiji vilevile. Vijana wawili wa idara wameanza kuwafuata, wakiwa na kadi zenye nukta ya kijani. Hadi juma lililopita walikuwa wamefika herufi K.